Bi Vifungo na Ukungu wa Kijani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Bi Vifungo alifungua mlango wa chumba cha pili akauliza, "Mmeamkaje, wanangu?"

Hakuna aliyemjibu. Uyoga hausemi. Lakini yeye alikuwa na majibu yake. Akiuona umenyanyua vichwa, alisema, "Salama, eh? Vizuri." Akiuona umenyong'onyea, alisema, "Mna kiu. Subirini." Kisha alichukua chupa ya kunyunyizia, akapiga maji hewani na ukutani, pole pole, kama mtu anayetia manukato sebuleni kabla ya wageni kufika.

Wageni wenyewe hawakufika.

Jina la Bi Vifungo alilipata kiwandani. Kwa miaka ishirini na miwili alishona vifungo kwenye sare za watu asiowajua. Macho yalipochoka, akastaafu. Mwaka uliofuata mumewe, mtunza ghala la nafaka, aliugua siku nne tu akafariki. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa mbali, safari ya siku mbili. Akabaki yeye, vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu.

Majirani walikuwepo, tena tele. Lakini Bi Vifungo aliwajua kwa nyayo tu. Kulikuwa na mwenye kandambili, paa paa paa, saa kumi na mbili asubuhi. Kulikuwa na mwenye viatu vya kisigino, anayeshuka mbio kwa sababu amechelewa tena. Kulikuwa na mzee wa fimbo. Wote walipita. Hakuna aliyesimama mbele ya mlango wake, isipokuwa mtu mmoja, kila Ijumaa saa nne.

Huyo alikuwa Mama Mgahawa.

Mama Mgahawa alikuwa mnene, mcheshi, na miguu yake ilikuwa inamuuma. Alikuwa na mgahawa wa meza sita, mtaa wa pili. Alianza kulalamika tangu ngazi ya kwanza, hivyo Bi Vifungo alipata muda wa kubandika chai.

"Nani alikwambia uishi mbinguni, dada?" alisema akiingia, pumzi juu juu. "Siku nitakayofia kwenye ngazi hizi, utanizika wewe."

"Nitakuzika na kikapu chako," alimjibu Bi Vifungo.

Mama Mgahawa alichukua uyoga wote uliokuwepo. Halafu alivua viatu, akanyoosha miguu, akakaa nusu saa. Alisimulia habari za wateja wake: nani kagombana na mkewe mbele ya sahani, nani kajifanya kasahau mkoba. Bi Vifungo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha mlango ulifungwa, na nyumba ikanyamaza mpaka Ijumaa nyingine.

Kwa Bi Vifungo, nusu saa hiyo ndiyo iliyokuwa mavuno hasa.

Uyoga wenyewe ulianza kwa maneno ya binti yake kwenye simu. "Mama, ukikaa hivyo utaota kutu. Tafuta kitu cha kukushughulisha." Basi Bi Vifungo alikwenda kwenye mafunzo ya siku mbili. Mwalimu alikuwa ofisa wa kilimo. Watu wote walimwita Bibi Shamba, ingawa alikuwa msichana tu, mwenye pikipiki na sauti ya upole. Alimfundisha kukatakata mabua makavu ya ngano, kuyaloweka, kuyachemsha, kuyachuja na kuyapoza. Alimfundisha kuyajaza kwenye mifuko ya plastiki, tabaka la mabua, tabaka la mbegu za uyoga. Mfuko ukifungwa na kukaa gizani wiki tatu hivi, utando mweupe husambaa mpaka mabua yote yanakuwa kama yamevaa pamba. Hapo unatoboa matundu, unaleta mwanga kidogo na hewa, na uyoga unachomoza.

Miezi yote ya joto mambo yalikwenda vizuri. Kisha baridi ikaingia.

Siku ya kwanza ya baridi, Bi Vifungo alifungua sanduku akatoa koti la kazi la mumewe. Lilikuwa la bluu, zito, refu mpaka magotini. Tangu mazishi halikuwa limefuliwa. Hakulifua kwa makusudi. Kwenye kola bado kulikuwa na harufu ya mtu wake: vumbi la ghalani, jasho, na sabuni ya kunyolea. Alilivaa, akakunja mikono mara mbili, akaanza kujaza mifuko. Likimfunika, aliona kama hayuko peke yake kazini. Tangu siku hiyo hakupanda uyoga bila koti.

Akaziba dirisha la chumba cha pili kwa nailoni ili wanawe wasipate baridi.

Siku ya nane aliona doa la kijani kwenye mfuko mmoja, dogo kama kifungo cha shati. "Wewe nawe umechafuka," alisema. Alitoboa mfuko, akachukua kitambaa chenye maji, akalifuta. Halafu, ili asionekane ana upendeleo, akaipangusa mifuko mingine yote kwa kitambaa kilekile, kama mama anayewapangusa watoto pua kwa leso moja.

Baada ya siku nne, mifuko saba kati ya ishirini ilikuwa ya kijani. Baada ya wiki, kumi na tatu. Chumba kilinuka kama kabati la nguo mbichi. Bi Vifungo akaanza kukohoa.

Alitupa mabua, akaanza upya. Alichemsha tena, akavaa koti tena, akajaza tena. Ukungu ukarudi tena.

Ijumaa ile Mama Mgahawa alifika, akatazama kikapu, akatazama meza tupu.

"Leo pia hamna?"

"Leo pia. Lakini kaa, chai iko tayari."

Mama Mgahawa hakuvua viatu. "Dada, mimi nakupenda. Lakini wateja hawali mapenzi. Kuna bwana mmoja sokoni anataka kuniletea uyoga mpaka mlangoni. Mpaka mlangoni, unanisikia? Sipandi hata ngazi moja."

"Nisubiri kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Bi Vifungo alihesabu kichwani. "Wiki sita."

"Haya. Wiki sita. Usiponipa kitu, nachukua kwa yule bwana, na miguu yangu itakushukuru." Alitaka kucheka, lakini alipomwona mwenzake usoni, akaacha. "Usininunie. Biashara ni biashara."

Alishuka. Chai ikapoa kwenye birika.

Jumapili binti yake alipiga simu.

"Uyoga unaendeleaje, mama?"

"Vizuri sana. Mpaka sina pa kuuweka."

"Mbona unakohoa?"

"Vumbi tu."

Binti alimjua mama yake. "Mama, mwite Bibi Shamba."

"Ana kazi nyingi, yule mtoto."

"Hiyo ndiyo kazi yake. Mwite, au nampigia mimi kesho."

Bibi Shamba alifika siku ya Jumatano, kofia ya pikipiki mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu kiti. Utakunywa chai? Kuna mkate pia. Au nikupashie wali?"

"Asante, mama. Kwanza nione wagonjwa."

Alitoa barakoa mbili mkobani, akavaa moja, akampa Bi Vifungo nyingine. Walipoingia chumbani, alisimama mlangoni muda mrefu. Hakugusa kitu.

"Nieleze. Ulipoona doa la kwanza ulifanyaje?"

Bi Vifungo alieleza habari ya kitambaa. Bibi Shamba alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa mguu.

"Mama, ukungu ni kitu hai kama uyoga wenyewe. Unakula chakula kilekile. Ila ukungu una haraka. Ukiwahi kuingia siku ya kwanza, uyoga haupati nafasi. Na hili vumbi la kijani ndilo mbegu zake. Ulipolifuta na kupangusa mifuko mingine, hukusafisha. Ulipanda."

"Nimepanda mwenyewe?"

"Umepanda, tena mifuko yote. Hata mimi singeweza kupanda vizuri hivyo."

Bi Vifungo alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Na hicho kikohozi kisipoisha, uende zahanati," alisema Bibi Shamba. "Vumbi hili si zuri kwa kifua. Ndiyo maana nimekupa barakoa."

Wakaanza kazi. Bibi Shamba alionyesha mfuko mmoja, Bi Vifungo akafuata. Mfuko wenye ukungu haufutwi na haufunguliwi. Unaingizwa taratibu ndani ya mfuko mwingine mkubwa, bila kutikiswa, na kufungwa hapohapo. Kisha unatolewa nje na kufukiwa mbali na nyumba.

"Na huu je?" Bi Vifungo alishika mfuko uliokuwa na ukungu upande mmoja na uyoga mdogo upande wa pili. "Huu uyoga si unalika?"

"Usiule, na usimuuzie mtu. Mfuko ukishaingia ukungu, wote unakwenda."

"Masikini. Ulikuwa unajitahidi."

"Mwache aende, mama."

Walipomaliza, mifuko yote ilikuwa imekwenda. Chumba kilibaki kitupu, rafu za mbao tu. Bi Vifungo hakupenda kukitazama. Bibi Shamba alibandua nailoni dirishani, baridi ikaingia na mwanga. Alichanganya maji na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: kikombe kimoja cha dawa, vikombe tisa vya maji. Walivaa glovu, wakaosha rafu, kuta na sakafu.

"Dawa hii usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia," alisema. "Hewa yake inaweza kukudhuru. Na dirisha liwe wazi. Baadaye utaweka chandarua cha kuzuia wadudu, lakini hewa ipite. Uyoga unapumua kama wewe."

"Hata kwenye baridi?"

"Hata kwenye baridi. Baridi itauchelewesha. Hewa nzito inaleta ukungu."

Siku ya pili, Alhamisi, Bibi Shamba alirudi. Bi Vifungo alishangaa, akafurahi, akaficha furaha yake kwa kukung'uta mkeka usio na vumbi.

"Leo nataka unionyeshe unavyopanda," alisema Bibi Shamba, akavuta kigoda. "Fanya kama sipo. Mtu akieleza kazi yake, anaeleza anavyotaka kuifanya. Mimi nataka kuona unavyoifanya."

Bi Vifungo alikuwa ameloweka mabua tangu jana. Aliyachemsha kwenye sufuria kubwa, maji yakatokota saa mbili kamili. Aliyachuja. Akataka kuanza kujaza.

"Kamua kwanza," alisema Bibi Shamba aliyesema hayupo.

Bi Vifungo alikamua. Maji yakatiririka mpaka kiwikoni.

"Bado. Yaache yachuje zaidi. Ukikamua konzi moja, yadondoke matone mawili matatu tu. Mabua yenye maji mengi yanakosa hewa, na ukungu unapenda hapo."

Wakasubiri. Mabua yakachuja, yakapoa, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa kilichochemshwa. Bi Vifungo alipangusa meza kwa spiriti. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akaipaka spiriti. Kisha, bila kufikiri, alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akavaa koti.

"Hapo," alisema Bibi Shamba.

"Hapo nini?"

"Umenawa vizuri. Umejipaka spiriti. Halafu umevaa koti."

"Kuna baridi, mwanangu. Si wewe umefungua dirisha?"

"Linafuliwa lini hilo koti, mama?"

"Halifuliwi."

"Halifuliwi?"

"Ni la marehemu."

Bibi Shamba aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Mtunza ghala. Ghala la nafaka."

"Kwa hiyo ni koti la ghalani." Alisita. "Mifukoni mna nini?"

Hapo Bi Vifungo alikuja juu. "Mimi nimekaa na mume wangu miaka thelathini na mmoja! Sijawahi kutia mkono mfukoni mwake. Siku hata moja! Wako wanawake wanaopekua. Mimi si wao. Alikuwa akiniambia, 'Wewe ndiye mwanamke pekee ninayeweza kutundika koti mbele yake.' Sasa nianze leo, wakati hayupo hata kujitetea?"

"Sikusema upekue, mama. Nimeuliza tu."

"Basi usiulize."

Bi Vifungo alitamani kurudisha maneno yake. Mgeni wa kwanza kukaa nyumbani kwake baada ya wiki nyingi, naye anamfokea. Akaona kama Bibi Shamba anatazama kofia yake ya pikipiki.

Lakini Bibi Shamba hakuondoka. "Sikulazimishi kitu," alisema. "Huenda koti halina kosa. Tuliulize lenyewe."

"Koti litajibu?"

"Litajibu. Utajaza mifuko mitano bila koti. Mabua hayahaya, mbegu hizihizi. Hiyo tutaiweka chumbani. Ukimaliza, utavaa koti, utajaza mitano mingine. Hiyo ikae hapa jikoni, mbali. Tunaanza na kazi safi kila mara, halafu ile tunayoitilia shaka. Kila siku uitazame, lakini usiifungue wala usiishike. Chumbani uingie kwanza, jikoni baadaye. Na koti lenyewe ulirudishe sandukuni mpaka tupate jibu."

Bi Vifungo alijaza mitano akitetemeka kwa baridi, amevaa blauzi safi tu. Mitano mingine aliijaza akiwa ndani ya koti, polepole, na kila baada ya muda alishusha pua kwenye kola.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Ijumaa saa nne ilifika na kupita. Mwenye kandambili alipita. Mzee wa fimbo alipita. Bi Vifungo alitazama chumbani, kisha jikoni, kisha akakaa.

Moyoni alikuwa akitamani jambo la ajabu, asingeweza kumwambia mtu. Alitamani mifuko ya chumbani, ile safi, iingie ukungu. Ikiingia, koti halina kosa. Lakini ikiingia, hatakuwa na uyoga, na Mama Mgahawa hatapanda ngazi tena. Hakujua amwombee nani.

Siku ya tisa, jikoni, mifuko mitatu ilikuwa na madoa ya kijani. Siku ya kumi na mbili ilikuwa minne.

Chumbani, mitano yote ilikuwa myeupe. Mmoja ulikuwa umechelewa kidogo, lakini mweupe.

Bi Vifungo alivaa barakoa. Aliingiza mifuko minne ya jikoni ndani ya mfuko mkubwa, na wa tano pia, maana hakuuamini, akaenda kuifukia. Akarudi, akaoga. Kisha alitoa koti sandukuni, akapanda nalo kwenye paa la jengo, mahali watu wanapoanika nguo.

"Nisamehe," alisema. Akatia mkono mfukoni mwa mumewe.

Vidole viligusa kitu kigumu kama donge la udongo. Alikitoa. Zilikuwa punje za ngano, konzi nzima, zimeshikana, zimevaa manyoya ya kijani. Mfuko wa pili ulikuwa hivyohivyo.

Alijua zilifikaje. Kila gunia lililoingia ghalani, mumewe alichota konzi, akang'ata punje moja kusikia kama imekauka. Ikilia kati ya meno, alisema, "Kavu." Punje zilizobaki alizitia mfukoni, kwa sababu hakupenda kutupa chakula chini. Sandukuni zilipata unyevu. Kila Bi Vifungo alipoinama juu ya mabua na lile koti, vumbi la kijani lilimwagika pamoja naye.

"Ulikuwa unanisaidia kazi, baba," alisema. "Ila ulikuwa unapanda cha kwako."

Alipindua mifuko nje, akalichemsha koti kwenye karai kwa maji ya moto na sabuni, akalisuuza mara tatu, akalianika juani siku mbili. Lilipokauka aliliinua puani. Lilinukia sabuni. Alitafuta kwenye kola, chini ya kola, kwapani. Sabuni tu.

Akalia palepale juu ya paa, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Na kweli hakuna aliyemsikia.

Hakungoja Jumapili. Alimpigia binti yake mchana uleule.

"Nimelifua koti la baba yako."

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Mama. Nije?"

"Usije. Nimeshafua. Nilitaka tu mtu ajue."

"Nimejua, mama."

"Na uyoga haukuwa mzuri, nilikudanganya. Lakini sasa utakuwa mzuri."

Kesho yake alijaza mifuko thelathini. Alivaa sweta iliyofuliwa siku hiyohiyo na aproni iliyochemshwa, nywele amezifunga kwa kitambaa. Meza na mikono alipangusa kwa spiriti. Mabua yalipokamuliwa yalitoa matone matatu. Dirisha lilikuwa wazi, chandarua kimewambwa. Kila mfuko aliuandikia tarehe. Kila siku aliikagua kwa macho bila kuishika, na mmoja ulipotoka na doa hakuusemesha wala kuupangusa. Aliutia ndani ya mfuko mwingine, akautoa nje.

Bibi Shamba alipita tena wiki ya nne, akatazama, akakunywa chai vikombe viwili na kula mkate wote. Hakuuliza habari ya koti. Aliliona limetundikwa sebuleni, safi, na mifuko yake imepinduliwa nje.

Ile mifuko mitano ya kwanza ndiyo iliyowahi. Bi Vifungo alikuwa ameitoboa na kuihamishia kwenye rafu ya dirisha la sebuleni. Ijumaa ya wiki ya sita, alfajiri, aliukata uyoga kwa kisu safi. Ulikuwa kilo mbili na robo.

Saa nne ikafika. Ngazi zilikuwa kimya. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Bi Vifungo alifunika bakuli kwa kitambaa, akalifunua, akalifunika.

Saa tano kasorobo akasikia, mbali chini, mtu akilaumu mjenzi wa ngazi.

"Nimemwambia yule bwana wa sokoni asubiri mpaka saa sita," alisema Mama Mgahawa mlangoni, mkono kiunoni. "Mwanamke, usiniambie nimepanda bure."

Bi Vifungo alifunua bakuli.

Mama Mgahawa alichukua uyoga mmoja, akaunusa, akaupindua. "Mzuri. Lakini kidogo."

"Leo kidogo. Wiki ijayo njoo na kikapu kikubwa. Twende nikuonyeshe." Kisha akamzuia kwa mkono. "Nawa kwanza. Sabuni ile pale. Na hiyo aproni ya jikoni kwako uiache hapa nje."

"Mimi? Nimetoka kukaangia watu vitunguu tangu alfajiri, leo unaniambia mchafu?"

"Sisemi mchafu. Nasema nawa."

Mama Mgahawa alinawa huku akinung'unika. Bi Vifungo akafungua mlango wa chumba cha pili. Mifuko ishirini na tisa ilikuwa imepangwa kwenye rafu, yote myeupe kutoka juu mpaka chini, na hewa baridi ikipita dirishani. Mama Mgahawa, ambaye hakunyamaza hata msibani, alinyamaza.

"Umefanyaje?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Ni hadithi ndefu. Ni habari ya koti la mume wangu."

Mama Mgahawa alimtazama. Miezi yote ile alikuwa akija, yeye ndiye aliyekuwa akisimulia. Hakuwahi kumsikia mwenzake akisema "mume wangu."

Wakafunga mlango, wakaenda kukaa. Mama Mgahawa alivua viatu, akampigia simu mpishi wake kwamba atachelewa, na yule bwana wa sokoni aambiwe asisubiri. Halafu akaweka simu chini.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Bi Vifungo alimimina chai. Alifikiri aanzie wapi.

"Alikuwa aking'ata ngano," alisema.

Mama Mgahawa akapandisha miguu yote miwili kwenye kiti, akasubiri kusikia.